Uzi: Serikali ya mseto inaundwaje hasa? Tuzichambue siku 14 za Afrika Kusini, Juni 2024

Mpiga Kura wa Ubungo:

Wakuu, salaam.

Kila uchaguzi wa huko nje ukiisha bila chama kupata wingi wa viti, humu jukwaani tunatoa jibu lilelile: "watakaa mezani watagawana." Ni kweli watakaa. Ila nani anamfuata nani kwanza? Kwa nini chama kimoja kinaondoka na wizara nzito na kingine kinaambulia naibu waziri? Hapo ndipo penye utamu, na ndipo tunaporuka.

Nataka tuitumie Afrika Kusini ya 2024, maana ilifanyika hadharani hatua kwa hatua na wengi wetu tuliifuatilia. Msimamo wangu nausema mapema ili mnipinge vizuri: sura ya ile serikali iliamuliwa na kalenda kuliko itikadi. Yaani nini kilipigiwa kura kwanza, na nini kiliachwa kijadiliwe baadaye.

Tuanze na hesabu. Uchaguzi ulikuwa 29 Mei 2024, Tume ikatangaza matokeo Jumapili ya 2 Juni. Bunge lina viti 400. ANC, chama kilichotawala tangu 1994, ambayo 2019 ilikuwa na viti 230, iliangukia 159. DA, chama kikuu cha upinzani wakati huo, ikapata 87. MK ya Jacob Zuma, chama kilichozinduliwa Desemba 2023 tu, ikapata 58. EFF ya Julius Malema 39, IFP 17, PA 9, kisha msururu wa vyama vya viti sita, vitatu, viwili, kimoja. Wingi ni 201.

Sasa kumbukeni kwamba kule mwananchi hampigii kura rais. Wabunge ndio wanamchagua kutoka miongoni mwao. Na katiba yao inataka Bunge jipya likae ndani ya siku 14 tangu matokeo yatangazwe, na kwenye kikao hichohicho cha kwanza wamchague Spika, Naibu Spika na Rais. Hakuna "tupeni mwezi mmoja tuzungumze." Mwisho ulikuwa 16 Juni.

ANC ilikuwa na njia ngapi? Na DA: viti 246, inatosha. Na MK: 217, inatosha. Na EFF: 198, inapungua vitatu, kwa hiyo inahitaji mdogo mmoja wa kujazia. Kwenye karatasi njia zipo. Lakini MK ilimtaka Rais Cyril Ramaphosa wa ANC aondoke kwanza. DA ilishasema haiingii serikali yenye EFF na MK ndani. EFF nayo haikutaka kukaa na DA. Hesabu ya viti inakuonyesha nani wanaweza kutawala pamoja. Ukitaka kujua nani watatawala, angalia nani amemkataa nani.

Tarehe 6 Juni ANC ikatangaza mwaliko kwa vyama vyote: serikali ya umoja wa kitaifa. Naendelea chini.

Mpiga Kura wa Ubungo:

Ijumaa, 14 Juni. Bunge lilikaa kwenye ukumbi wa mikutano wa kimataifa wa Cape Town, kwa sababu jengo lao liliungua Januari 2022. Jaji Mkuu Raymond Zondo ndiye aliyeongoza kikao. Wabunge wa MK hawakuja. Walikuwa wamekwenda Mahakama ya Katiba kutaka kikao kizuiwe, wakakataliwa.

Kura ni ya siri, ya karatasi. Mbunge anaitwa jina, anakwenda kwenye kibanda, anatumbukiza, anarudi kukaa. Zoezi hilo kwa Spika, kisha kwa Naibu Spika, kisha kwa Rais. Siku nzima mpaka usiku. Na wakati majina yanaitwa ndipo makubaliano ya ANC na DA yalipokuwa yanakamilishwa. Kiongozi wa DA, John Steenhuisen, alitangaza kwamba wamesaini huku kikao kikiwa bado kinaendelea.

Thoko Didiza wa ANC akawa Spika, Annelie Lotriet wa DA akawa Naibu Spika. Usiku Ramaphosa akapata kura 283, Julius Malema 44.

Walichosaini siku ile kilikuwa tamko la nia. Waraka mfupi: misingi, vipaumbele, namna ya kufikia maamuzi. Orodha ya wizara haikuwemo. Hakuna aliyejua DA inapata nini. Kura zimeshatolewa, rais ameshapatikana, ameapishwa 19 Juni, na mazungumzo ya wizara ndiyo yanaanza.

Tangu kura ile zikapita zaidi ya wiki mbili, huku barua zikivuja. DA ikataka wizara zaidi, rais akajibu kwamba wanabadilisha madai kila wakipewa. Biashara na Viwanda ikatajwa, ikaondolewa mezani. Jumapili ya 30 Juni usiku baraza likatangazwa: mawaziri 32. ANC 20, DA 6, IFP 2, na vyama vidogo vya PA, FF Plus, GOOD na PAC mmoja mmoja. Steenhuisen akapewa Kilimo. DA wakapata pia Elimu ya Msingi, Mambo ya Ndani, Ujenzi, Mawasiliano na Mazingira. Fedha, Mambo ya Nje, Ulinzi, Polisi, Biashara: zote ANC.

Fanyeni hesabu wenyewe. Vyama vya mseto vilifika kumi, viti 287. DA ni 87 kati ya hivyo, yaani asilimia 30. Kati ya mawaziri 32 ilipata 6, asilimia 19. Pengo hilo ndilo ninalotaka tulijadili.

Kipepeo wa Pangani:

Kwa hiyo DA waliingizwa mjini mchana kweupe.

Mpiga Kura wa Ubungo:

Sidhani, mkuu. Walijua wanachofanya. Kama wangegoma siku ile, ANC ingelazimika kugeukia EFF na MK, na hilo ndilo walilokuwa wameahidi wapiga kura wao kulizuia. Hofu hiyo ANC iliijua vilevile. Mtu anayejua kwamba huwezi kuondoka mezani hana haraka ya kukuongezea.

Na kuna kipengele walichokipata ambacho kwangu kina uzito kuliko wizara mbili. Tamko lile linasema pasipokuwa na maafikiano ya wote, maafikiano ya kutosha ni pale vyama vya mseto vyenye asilimia 60 ya viti vya Bunge vikikubaliana. Asilimia 60 ya 400 ni 240. Bila DA, mseto wote hauwezi kufika 240. Kimaandishi, DA wana breki. Kama breki yenyewe inashika, hiyo tutaiona kwenye bajeti.

Bint wa Wete:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba kuuliza, maana hili jina la umoja wa kitaifa sisi Zanzibar tunalo. Hii yao na SUK yetu, Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ni kitu kimoja?

Mpiga Kura wa Ubungo:

Waaleikum salaam dada. Swali zuri, na jibu langu ni hapana, tena tofauti ni kubwa.

SUK imo ndani ya Katiba ya Zanzibar. Kura ya maoni ilipigwa 31 Julai 2010, zaidi ya asilimia 66 wakasema ndiyo, na tangu hapo chama kinachoshika nafasi ya pili kikivuka kiwango kilichowekwa kina haki ya kutoa Makamu wa Kwanza wa Rais na kupata mawaziri. Hakuna anayembembeleza mwenzake. Ndiyo maana Maalim Seif wa ACT-Wazalendo aliapishwa Desemba 2020 ingawa chama chake kilikuwa kimeyapinga matokeo vikali. Suala lilikuwa ACT waingie au wasiingie, nafasi yenyewe ilikuwa pale. Na alipofariki Februari 2021, chama ndicho kilichompendekeza Othman Masoud.

Mfano wa SUK kule kwao ni wa 1994, si wa 2024. Katiba ya mpito ya wakati wa Mandela ilitoa haki ya kuingia baraza la mawaziri kwa kila chama chenye viti angalau 20, na chenye viti 80 kikapata naibu rais. Kwa njia hiyo De Klerk, rais aliyemtangulia Mandela, akawa mmoja wa manaibu wake, mpaka chama chake kilipojitoa 1996. Ya 2024 haina kifungu chochote kinachomlazimisha Ramaphosa kumpa mtu kitu. Ni kura tu.

Bint wa Wete:

Nimekufahamu. Kwa hiyo yetu mtu hawezi kunyimwa akishavuka kiwango, lakini pia hana cha kumtishia mwenzake, kwa sababu Rais keshachaguliwa na wananchi na hamuhitaji ili abaki madarakani. Na ile 2016 CUF waliposusia uchaguzi wa marudio, SUK haikuwepo na serikali ilitembea kama kawaida.

Mpiga Kura wa Ubungo:

Umeiweka vizuri kuliko mimi.

Jirani wa Kisumu:

Na ya kwetu Kenya? Nusu mkate ya 2008 ilianza na makaburi. Mapatano yalisainiwa 28 Februari 2008 mbele ya Kofi Annan, Kibaki akabaki rais, Raila akawa waziri mkuu, na baraza likavimba hadi mawaziri 40 ndiyo kila upande utoshee. Hapo hakuna aliyehesabu viti vya bunge kwanza. Kilichohesabiwa ni kama nchi itaamka kesho.

Naomba tusiichanganye na mseto wa kibunge. Mseto wa kibunge unaanza pale ambapo watu wamekubali matokeo na hayamtoshi mtu. Wetu ulianza kwa sababu matokeo yenyewe hayakukubalika. Nimechoka kusikia wachambuzi wakiziweka kwenye kapu moja, kwa sababu baadaye wanasema "mseto Afrika haufanyi kazi" halafu mfano wanaotoa ni wa nchi iliyokuwa inazimishwa moto.

Mtanzania wa Bremen:

Mkuu mleta uzi, nakaa Ujerumani, naongeza upande wa huku kwa sababu unatia nguvu hoja yako ya kalenda.

Huku mpangilio umegeuzwa kabisa. Uchaguzi ukiisha, vyama vinaanza na mazungumzo ya kupimana, watu wachache tu. Wakiona kuna njia, yanafuata mazungumzo rasmi: vikundi kazi kwa kila sekta, kodi, nishati, uhamiaji, kila kimoja kinaandika kurasa zake. Yale wanayoshindwana yanapandishwa kwa wakubwa. Mwisho unatoka mkataba wa mseto. Ule wa 2021 wa SPD, Kijani na FDP ulikuwa na kurasa zaidi ya 170. Ndani yake imeandikwa wizara ipi ni ya chama kipi. Mkataba unasainiwa, *halafu* ndiyo Bunge linapiga kura ya Kansela. Mwaka ule uchaguzi ulikuwa 26 Septemba, mkataba ukasainiwa 7 Desemba, Scholz akachaguliwa 8 Desemba.

Mwaka 2025 vilevile. CDU/CSU viti 208, SPD 120, jumla 328 kati ya 630. SPD wakaupeleka mkataba kwa wanachama wao wote wapige kura kwanza. Na matokeo yake? SPD walikuwa na asilimia kama 37 ya viti vya mseto, wakapata mawaziri 7 kati ya 17, asilimia 41, Fedha na Ulinzi zikiwemo. Linganisha na DA.

Kipepeo wa Pangani:

Lakini si huko huko Merz wa CDU, aliyetakiwa kuwa Kansela, aliangushwa kura ya kwanza?

Mtanzania wa Bremen:

Ndiyo, 6 Mei 2025. Alihitaji 316, akapata 310, wakati mseto wake una 328. Ilikuwa haijawahi kutokea tangu Jamhuri ya Shirikisho ianze. Kura ni ya siri, hakuna anayejua nani aligoma. Mchana wakarudia, akapata 325. Mkataba unawafunga viongozi wa vyama. Mbunge mmoja mmoja kwenye kibanda ana dhamira yake.

Na usidhani mkataba mnene ni kinga. Ule wa 2021 ulisimama juu ya fedha. Kijani walitaka kuwekeza kwenye tabianchi, FDP walitaka ukomo wa deni la taifa usiguswe, wakakutana kwa kuhamisha euro bilioni 60 za mikopo ya wakati wa korona ambazo hazikutumika. Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ikaufuta uhamisho ule. Daraja lililowaunganisha likaondoka. Mwaka mmoja baadaye, 6 Novemba 2024, Scholz akamfukuza waziri wake wa fedha, Christian Lindner, na mseto ukaisha.

Kengele ya Asubuhi:

Nasoma kwa makini ila mnapamba sana. Mwisho wa siku ni kugawana vyeo. Mwananchi alipigia chama A ili kipambane na chama B, kesho yake anawaona wamekumbatiana. Huo ni usaliti, na mimi siwezi kuuita demokrasia.

Mpiga Kura wa Ubungo:

Nakuelewa mkuu, na sitaki kulipuuza hilo, kwa sababu wapiga kura wengi wa DA na wa ANC walihisi hivyo hasa. Lakini jiulize mbadala ni nini. Asilimia 60 ya wapiga kura waliikataa ANC. Asilimia 78 waliikataa DA. Hakuna chama kilichopewa ruhusa ya kutekeleza ilani yake yote. Anayetaka serikali bila mapatano hapo anataka serikali ya wachache.

Nakubaliana nawe sehemu moja: vyeo vikigawanywa bila kukubaliana sera, basi ni vyeo tu. GOOD ina kiti kimoja, ikapata waziri. PAC kiti kimoja, waziri. UDM viti vitatu, ikapata naibu waziri. Ukiniuliza kanuni iliyotumika, sina. Rais alichagua, maana alikuwa ameshakuwa rais.

Mama Kilombero:

Mie nina dada yangu ameolewa Durban, ya mkoa wao wa KwaZulu-Natal mmeisahau na ndiyo kali kuliko zote. Huko MK ilipata viti 37 kati ya 80. IFP 15, ANC 14, DA 11, EFF 2, na kachama kanaitwa NFP kiti kimoja. Hesabuni.

Jirani wa Kisumu:

MK na EFF ni 39. IFP, ANC na DA ni 40. Yule mmoja akienda kwa MK, ngoma droo!

Mama Kilombero:

Yule mmoja, ndugu yangu. NFP yenyewe ilizaliwa 2011 kwa kujitenga na IFP, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kuipenda. Siku ileile ya 14 Juni alikwenda upande wa IFP, Thami Ntuli akachaguliwa waziri mkuu wa mkoa kwa kura 41 dhidi ya 39. Mbunge huyo pekee wa NFP akapewa idara ya Maendeleo ya Jamii. Chama kilichoongoza kwa viti 37 kikakaa upinzani. Watu wa mkoani walikasirika sana, dada anasema vibarazani hawakuzungumza kingine. Lakini kuongoza hakukufikishi 41.

Mlima Maluti:

Nilifanya kazi Maseru miaka hiyo, naongeza Lesotho kwa sababu inaonyesha 61 inavyoweza kuwa mzigo. Mei 2012 Bunge la viti 120: DC ya Mosisili 48, ABC ya Thabane 30, LCD 26, BNP 5. Watatu wa mwisho wakaungana: 61, Thabane akawa waziri mkuu. Wingi wa kiti kimoja. Ikawa serikali ya kwanza ya mseto ya nchi ile, na kwa wengi ilikuwa furaha ya kweli, madaraka yalibadilishana bila risasi.

Lakini ukiwa na 61, kila mshirika ana uwezo wa kukuangusha peke yake. LCD walianza kulalamika kwamba Thabane anaamua bila kuwashirikisha. Kura ya kutokuwa na imani ilipokaribia, Juni 2014 akalisimamisha Bunge kwa miezi tisa. Akakwepa kura, akauacha mgogoro bila mahali pa kutokea. Agosti 30 jeshi likavamia vituo vya polisi na Thabane akakimbilia Afrika Kusini. Uchaguzi wa mapema ukafanyika Februari 2015.

Kwa hiyo mkuu, naongeza kwenye kalenda yako: angalia pia nani ana ufunguo wa kulifunga Bunge.

Mpiga Kura wa Ubungo:

Hilo naliandika pembeni, ahsante sana. Wajerumani waliliona hilo mapema: kumwangusha Kansela lazima umchague mrithi kwa kura hiyohiyo. Ndivyo Kohl alivyochukua nafasi ya Schmidt 1982. Hakuna siku ya kukaa bila serikali.

Sasa niwalipe deni la bajeti. Februari 2025 Waziri wa Fedha Enoch Godongwana alitakiwa asome bajeti yenye nyongeza ya asilimia mbili kwenye kodi ya ongezeko la thamani, kutoka 15 hadi 17. Siku hiyohiyo, 19 Februari, hotuba ikaahirishwa kwa sababu washirika ndani ya baraza hawakukubali. Akarudi Machi na nusu asilimia mwaka huo na nusu mwaka uliofuata. DA ikakataa tena. Tarehe 2 Aprili mfumo wa bajeti ukapigiwa kura, ukapita kwa 194 dhidi ya 182. DA na FF Plus, vyama vilivyo *ndani* ya serikali, vilipiga kura ya hapana. ActionSA, kilicho *nje*, kikapiga ndiyo.

Ile asilimia 60 ya maafikiano haikuzuia chochote. Breki ilikuwepo kwenye karatasi, haikuunganishwa na tairi. Kilichozuia ni mahakama na shinikizo la umma: DA walikwenda Mahakama Kuu ya Western Cape, na 24 Aprili Hazina ikatangaza kuiondoa nyongeza kabla haijaanza.

Kwangu huu ndio uthibitisho. Suala la kodi lingekuwa la kumalizwa kabla ya 14 Juni 2024, ukurasa kwa ukurasa, kama wanavyofanya kule Bremen kwa ndugu yetu. Siku 14 hazikutosha, likaahirishwa, likalipuka kwenye bajeti ya kwanza ya maana.

Mtanzania wa Bremen:

Lakini kuna bei ya upande wa pili, tuseme haki. Uholanzi walichukua siku 299 baada ya uchaguzi wa 2021. Ubelgiji siku 541 kwa ule wa 2010. Serikali ya zamani inabaki kuendesha mambo ya kila siku na haiwezi kuanzisha kitu kikubwa. Ubelgiji walihimili kwa sababu mikoa yao ina madaraka makubwa. Nchi ambayo kila kitu kinasubiri saini ya juu isingehimili.

Mpiga Kura wa Ubungo:

Kweli kabisa. Mimi sitaki siku 541. Wiki sita au nane zenye mwisho unaojulikana, na wizara ziandikwe kabla ya kura ya rais. Hilo tu ndilo ninalodai.

Kengele ya Asubuhi:

Swali la mwisho kabla sijalala. Mbona DA hawajatoka? Juni 2025 naibu waziri wao alifukuzwa kwa kusafiri Marekani bila ruhusa, wakanung'unika, wakajitoa kwenye Mjadala wa Kitaifa, serikalini wakabaki.

Mpiga Kura wa Ubungo:

Chukua 287, toa 87. Inabaki 200. Bunge ni 400. Ramaphosa anakuwa na nusu kamili, na kumwondoa rais kwa kura ya kutokuwa na imani kunahitaji 201, ambazo wapinzani nao hawana hata wote, kuanzia DA mpaka MK na EFF, wakipiga kura moja: wanafika 200 tu. Kwa hiyo DA wakitoka hawamwangushi; wanampunguzia nafasi ya kupumua na wanapoteza wizara sita. Na yeye akiwafukuza, kila muswada ataanza kuutafutia kura, aanze na ActionSA wenye viti 6. Wakimjia anafika 206. FF Plus nao wana 6, nao walishapiga hapana mara moja. Wakifuata DA nje, anarudi palepale, 200.